Chumba cha Chiriku Darini

Jumatatu, 3 Machi

Mjomba kasema kazi imekwisha. Imekwisha! Kakung'uta mikono, kamwita dada yake — ndiye mama mkwe wangu — apande akaone chumba cha darini. Zamani kule chini ya vigae tulikuwa tunatupia magodoro mabovu na ndoo zilizotoboka. Sasa ni chumba. Kina dirisha, kina mlango, kina ngazi yake. Ni cha binti yangu Chiriku, maana amekua, na huku chini tunalala chumba kimoja yeye, mimi, baba yake na kitoto. Nikigeuka nampiga mtu kiwiko.

Nimefurahi mpaka nimeogopa kufurahi.

Halafu nikaangalia vizuri. Rangi imerukia kioo. Ule ubao wa kuzunguka chini ya ukuta haujafika kona, umeacha nafasi panya apite na mizigo yake. Swichi imekaa upande kama kofia ya mlevi. Nikamwonyesha Mjomba, kwa adabu. Akacheka. "Hiyo finishi tu, mkwe. Finishi haina haraka."

Ila kwa jambo moja namshukuru. Ile mbao nene iliyokuwa inakatiza katikati, kutoka upande huu wa paa hadi ule, haipo tena. Ilimgonga mume wangu kichwa kila akipanda, twiga yule. Hata nikaigongelea kitambaa chekundu, kipande cha gauni langu la ujauzito, ili aione. Sasa anapita wima. Mama mkwe kafurahi sana: mwanawe hatatembea kwake kama mwizi, kainama.

Jumatano, 5 Machi

Mlango uliofunga Jumatatu leo haufungi. Nimesukuma kwa bega. Umekwama juu, kwenye kona. Mjomba kaja na randa, kapunguza, ukafunga. Kasema mbao inavuta unyevu.

Mvua yenyewe haijanyesha. Unyevu wa wapi?

Hata kuandika hivi naona vibaya. Mjomba ndiye aliyemlea mume wangu baba yake alipofariki. Viatu vya shule, ada, kila kitu. Nyumba hii Mjomba hakosei. Ukuta ukipinda, aliyepinda ni ukuta.

Ijumaa, 7 Machi

Kuna ufa. Pale dari inapokutana na ukuta wa upande wa barabarani. Mwembamba kama unywele. Jana haukuwepo — au sikuuona?

Nimemwambia Baba Chiriku. Kasema rangi inakauka. Nikamuuliza, rangi gani hiyo inakauka mpaka inapasua nyumba? Kasema, "Mama Chiriku, umeanza."

Nimeanza, ndiyo. Nimepanda tena, nikabandika kipande cha gazeti juu ya ufa. Gundi yangu ni uji wa kitoto uliobaki. Gazeti likibaki zima, mimi ndiye mwenye roho mbaya, na nitamwomba Mjomba radhi. Kimoyomoyo.

Jumapili, 9 Machi

Gazeti limechanika. Katikati, sawasawa na ufa.

Chiriku hakupanda. Ngazi niliiziba kwa kiti.

Jumatatu, 10 Machi

Nimempeleka kitoto kliniki. Kurudi, harufu ya rangi mbichi! Nyumba imenyamaza kama mtoto aliyeiba sukari. Nikapanda moja kwa moja. Ufa haupo. Umezibwa kwa puti, umesuguliwa kwa msasa, umepakwa rangi. Na gazeti langu limekwenda na ufa.

Mama alikuwa jikoni anachambua mchele, uso hainui. Nikamuuliza kama Mjomba alipita. Kasema kapita kidogo.

Kidogo!

Nani kamwita? Habari ya ufa nilimwambia mtu mmoja tu humu ndani. Nikimtazama Baba Chiriku anaangalia simu, na simu yenyewe imeisha chaji. Kwa hiyo kuna kitu wanakijua. Au mimi ndiye ninayewatafutia ubaya watu wema. Usiku nikimbeba kitoto namnong'oneza, mwanangu, mama yako anaona sawa au haoni sawa? Ananishika pua.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimelia, na si kwa hasira.

Mjomba kaleta kitanda cha Chiriku. Kakipandisha mwenyewe kwa vipande, kakiunganisha kule juu. Jamani, kitanda! Mbao nyeusi ya kizamani, nzito, kaisugua mpaka inateleza. Kona zote kaziviringisha mtoto asijiumize. Kwenye ubao wa kichwani kachonga ndege mdogo, mdomo wazi, anaimba. Hakuna msumari unaochungulia. Hivi mkono huu ndio ulioacha ubao wa ukutani haujafika kona? Siamini.

Chiriku kamkumbatia miguu. Babu, nilale leo? Mama kasema Jumamosi, tufue mashuka kwanza.

Nikamwambia Mjomba Mungu amzidishie. Kanitazama kwa jicho la utani. "Leo unacheka, mkwe. Juzi ulininunia kama nimekula kuku wako." Tukacheka wote. Nimejisikia mdogo, nikataka hata kuzifuta hizi kurasa za nyuma.

Alhamisi, 13 Machi

Nilikuwa natandika. Nachomeka shuka upande wa ukutani, kidole kikapita kwenye tundu la msumari, nyuma kule kusikoonekana. Kuna kitu kimenasa. Nikakivuta kwa kucha.

Uzi. Mwekundu.

Gauni langu naijua rangi yake. Nimelivaa miezi yote ya Chiriku tumboni.

Nikakaa chini. Kitanda ni ile mbao. Ile ya kumgonga mume wangu kichwa. Mjomba kaikata, kamtengenezea mwanangu kitanda.

Nikalala chali juu yake, nikatazama dari. Nyeupe, laini, nzuri. Nyuma yake sasa kuna nini? Shule sikwenda mbali, lakini tuna ngazi ya kukunja uani, ile yenye kamba katikati. Kamba ikikatika, miguu inakwenda wapi? Huu huku, huu kule. Na ukuta unaosukumwa, je, hautapasuka? Mlango hautakwama?

Uzi nimeufunga kwenye ncha ya kanga. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemuuliza. Tulikuwa wawili tu, uani, kwa heshima zote. Mjomba, ile mbao ya kitambaa changu ilikuwa na kazi gani kule juu?

Kwanza kaangalia vigae.

"Ilikuwa imekaa tu, mkwe."

Imekaa tu! Mbao nene vile, waliojenga waipandishe mpaka huko ikapumzike?

Kasema dada yake alitaka mwanawe asiinamishwe ndani ya nyumba yake. "Ningemjibu nini dada yangu? Na mbao nzuri kama ile ningeitupa? Nikasema itamfaa mtoto." Kasema kwa upole mpaka nikataka kumhurumia. Nikajikaza. Umeweka nini badala yake, Mjomba? Kasema jipsamu imeshika. Jipsamu! Ule ubao wa unga, nikiugonga kwa mwiko si unatoboka?

Alasiri Baba Chiriku karudi kutoka kazini, nikamwekea uzi kiganjani. Nikamweleza yote. Kauzungusha kidoleni, kauzungusha, huku mkono mwingine unapapasa paji la uso, pale penye kovu la mbao ile. Kakiri. Ndiye aliyempigia Mjomba simu aje azibe ufa. Alidhani ukizibwa nitatulia.

"Yule kanilea," kasema. "Nitaanzaje kumwambia kazi yake itatuangukia?"

Sikiliza hapo. Hakusema haitaanguka.

Mama alikuwa mlangoni, kasikia mwisho tu. Kanijia juu. Kwamba nimekuja kuwagombanisha watu waliokula sahani moja kabla sijazaliwa. Kwamba kaka yake kajenga nusu ya mtaa huu. Kesho mchana mjukuu wake atapanda alale kwenye kitanda chake, na Mjomba ataitwa aone, na maneno yaishe.

Nimemsuka Chiriku nywele. Kasema, mama, unanivuta.

Jumamosi, 15 Machi

Mawingu tangu asubuhi. Upepo. Vigae vikinywa maji vitakuwa vizito, hilo analijua kila aliyewahi kubeba blanketi lililoloa.

Naandika jikoni, kitoto kinanyonya. Nisipoandika nitapiga kelele. Mlango uko wazi, nawaona wote pale kwenye ngazi. Mama kambeba Chiriku kiunoni, mto mkononi, ameshapanda vidaraja vya kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kwenda kumpokonya mbele ya kaka yake, waseme nina wazimu, sawa tu.

Kabla sijainuka, Chiriku kageuka. Babu, njoo tulale wote, kitanda ni kikubwa!

Mjomba kacheka. Kasema atakaa hapa chini. Magoti.

"Jumatano ulipandisha kitanda kizima, Mjomba."

Huyo ni Baba Chiriku! Sauti ndogo, lakini ni yake. Tangu nimeolewa sijamsikia akimrudishia neno.

Mama kasimama. Kageuka palepale ngazini, kamtazama kaka yake.

Halafu: "Kaka. Panda na mjukuu wako."

Mjomba kavua kofia. Kaikunja. Kaweka mguu mmoja kwenye kidaraja cha kwanza.

Matone! Yameanza kugonga vigae, moja, moja, sasa mengi. Wote wameinua uso. Kule juu kitu kimelia — si mlango, mlango naujua sauti yake.

Mama anashuka. Kinyumenyume, taratibu, kiganja kakiweka juu ya kichwa cha mwanangu. Anakuja kwangu. Kaniwekea Chiriku pajani, na mto wake. Baba Chiriku kapita mbio kwenda uani, namsikia anatupatupa vitu, anatafuta nyundo na mbao ya kushika paa.

Mjomba bado yuko pale. Mguu mmoja ngazini, mmoja chini. Hapandi.