Leseni Iliyokwama kwa Herufi Moja

Mama,

Shikamoo. Leseni nimepata. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mgeni anayezunguka nyumba kabla ya kupiga hodi.

Tangu tukuzike, mtaa wetu wa Nyakato umeota macho. Nikinunua dagaa, muuzaji ananiuliza kwetu wapi. Namjibu Bukoba, basi. Simwambii kwamba nimezaliwa Uganda kwa baba, na ualimu nimesomea huko huko. Siku hizi nchi mbili zinatishiana vita; ukitaja ng'ambo ya mpaka, watu wanaanza kukutazama mikono, kama umeficha silaha. Wewe ulinionya mapema: anayekuuliza umekula nini, anahesabu sufuria zako. Ulikuwa unamsema Masanja, balozi wetu wa nyumba kumi. Akipita tu, dirisha unafunga, hata joto lituue.

Afisa elimu alisema cheti cha Uganda peke yake hakitoshi. Nifundishe kwanza mbele ya mkaguzi, ndipo nipewe leseni ya hapa. Nikapangiwa darasa la tano, somo la Siasa. Nilijiandaa, Mama, wewe unanijua. Nikasimama, nikatamka kwa sauti ya kujiamini: "Viongozi wetu hupatikana kwa kula. Kila mtu mzima ana haki ya kula."

Ulimi wangu huo wa ng'ambo. Kura inaingia kichwani nzima, mdomoni inatoka kula. Watoto wakacheka. Mkaguzi hakucheka, aliacha kuandika. Somo lilipokwisha akaniuliza taratibu, "Ndugu mwalimu, nani amekutuma?" Nikadhani anataka kujua nani alinishauri kuomba kazi. Nikamjibu, "Mama."

"Yuko wapi huyo mama?"

"Amefariki."

Akafunga jalada langu. Kumbe alidhani naikejeli serikali, tena kwa kutumwa. Wakasema leseni isubiri, kwanza aulizwe balozi wangu. Nikajua nimekwisha. Masanja yule! Nilianza kukunja nguo. Nilimshuku hata mama wa jirani aliyeniletea mihogo, nikaitazama mihogo yenyewe kwa muda kabla ya kuimenya.

Waliponiita ofisini nilimkuta Masanja amekaa, kofia magotini. Sikumwamkia vizuri. Afisa akamwambia aseme anachojua.

"Mama yake alikuja kwangu akiwa mgonjwa," akasema. "Aliniambia, 'Ndugu Balozi, mwanangu kasomea Uganda na ulimi wake ni wa huko. Akisema kula, nyie sikieni kura. Asije akafungwa kwa herufi moja.'"

Afisa ndiye aliyecheka wa kwanza. Mkaguzi akafuata, shingo upande.

Mimi sikucheka, Mama. Nilikasirika. Tulipokuwa tunarudi, Masanja akaniambia ulimweleza yote: kwamba baba alikuwa Mganda, na kwamba kaka ni askari katika jeshi la kule. Yote! Na mimi uliniapisha niseme kaka alikufa zamani. Dirisha ulimfungia mtu mbele ya macho yangu, halafu nyuma ya mgongo wangu ukamfungulia moyo. Ulikwenda lini? Ulitembeaje na miguu ile iliyovimba? Nimejiuliza mpaka hasira imeniishia, nikabaki na kilio.

Bado simwamini sana Masanja. Nilimuuliza kwa nini hakusema neno miezi yote hiyo. Akajibu, "Hakuna aliyeniuliza." Jibu hilo nimeligeuza kila upande na sijaona kasoro yake, jambo ambalo lenyewe linanitia shaka. Ungekuwepo ungenisaidia kuitafuta.

Jumatatu naanza kufundisha. Wamenipa Hesabu, Siasa wamempa mwingine.

Pumzika sasa, Mama. Nakuahidi kitu kimoja, na usinikasirikie. Mtu akiniuliza tena habari za kaka, nitasema yuko hai na jina lake nitalitaja. Kukuzika wewe kumenitosha.

Mwanao,
Koku