Kato Si Mguno

Alkhamisi, Azaiba

Na jana watu walisimama wakanipigia makofi, hilo liandikwe kwanza. Kwenye mchezo wetu wa kuigiza chuoni mie ndiye mwimbaji wa bluzi, zile nyimbo za huzuni za Kizungu, mzee aliyefiwa na mtoto, na umri wangu miaka kumi na tisa, sijafiwa hata na paka. Bibi aliuliza, "Blauzi inaimbwaje, si huvaliwa?" Nikamwambia ngoja uone.

Ile "Katoo, Katoo" iliyowaliza watu nimeitoa nyumbani kwetu. Dada Harriet, Mganda anayetufanyia kazi, huiimba akipiga pasi. Mie nikadhani ni mguno tu, kama "oo" na "ee". Nikaivuta, nikaitetemesha, nikafumba macho.

Leo nikamwonesha video kwa maringo. "Dada, nani mkali?"

Akatazama mpaka mwisho. Akazima pasi.

"Bosi mdogo, umeimba vizuri kushinda mimi. Lakini Kato ni mwanangu. Ana miaka minne, yuko kwa mama yangu. Sasa wewe unamlilia kama amekufa."

Hata samahani sikuisema.

Kesho tunacheza tena. Mwalimu wetu hataki nibadilishe kitu, anasema pale penye "Katoo" ndipo watu wanapotoa leso. Wallahi nitaguna "oo" yangu mwenyewe, na wakicheka wacheke.

Lakini Dada Harriet aliiwasha tena pasi, akamaliza kanzu zangu za dishdasha zote, zimenyooka kama mpya. Hakuimba hata kidogo.