Karibu Niliyoitoa Napoli

Dada Rehema,

Shikamoo. Nibusie watoto hapo Woolwich.

Leo meli imetia nanga Napoli, nikazunguka mjini kwa miguu. Nje ya bandari nikamkuta mama Mkongo anauza mitandio. Tukala samaki wa kukaanga, tukacheka kwa Kiswahili. Wakati wa kuagana nikasema kama tunavyomwambia kila mtu, "Karibu sana kwetu London." Akaanza kukunja mitandio yake. "Aksanti, dada. Twende."

Ulimi wangu huu! Nilishindwa kumwambia ni adabu tu. Getini askari wakamzuia, mimi nikapita. Sasa meli inapiga honi, naye bado amesimama juani na furushi kichwani, ananipungia mkono. Anadhani nimeingia kumwombea ruhusa.

Nikirudi usiniulize safari ilikuwaje. Nikumbatie tu.

Mdogo wako,
Zuhura