Ofisi ya Stoo

Alhamisi, 6 Juni 1996. Mukurweini.
Niko mezani tangu saa mbili. Ripoti ya madaktari wa wiki hii: Chaka, Kerugoya, Nyeri mjini. Nani ameagiza dawa zetu, nani amekataa. Zamani Alhamisi na Ijumaa nilikuwa ofisini Nairobi, nalala kwa dada yangu, binti yangu Njeri nimemwachia nyanyake. Sasa kampuni ya dawa imenipa mwezi wa majaribio: siku tatu barabarani, mbili nyumbani. Sijamaliza ukurasa, mama mkwe huyo na kikapu. Kahawa imeiva. Ati si uko nyumbani tu. Nimechuma. Nimekasirika.

Ijumaa, 7 Juni
Leo ni chama kizima cha akina mama. Mama mkwe ameuhamishia mkutano hapa kwa sababu nipo. Chai sufuria mbili. Ripoti bado. Bwana Mutiso, mkubwa wangu, amepiga simu dukani: nikichelewesha tena, nirudi Nairobi. Najichukia. Kwa nini sikukataa?

Alhamisi, 13 Juni
Nimevaa suti na viatu vya kisigino. Nikamuaga mama mkwe: naenda kazini, narudi saa kumi. Nikatoka mlango wa mbele, nikazunguka nyumba, nikaingia stoo kwenye magunia ya mbolea. Mama mkwe aliniona, akacheka mpaka akashika ukuta. Lakini hakuniita hata mara moja. Nimemaliza saa nane!

Ijumaa, 14 Juni
Mutiso amekuja bila taarifa. Nikiwa stoo nikasikia gari, halafu mama mkwe na Kiswahili chake:
“Ameenda kazi. Rudi saa kumi.”
Mutiso akaanza kufoka, kumbe sifanyi kazi hapa nyumbani. Nikatoka mbio na ripoti mkononi. Mama mkwe akanisukuma nirudi ndani.
“Saa kumi bado,” akamwambia. “Hapa mtu akiwa kazi, hatuiti yeye.”
Mutiso akatazama stoo, suti yangu, kreti niliyoifanya meza. Akacheka, jamani. Akakalia gunia, akasoma ripoti yote. Amekubali! Siku mbili nyumbani, majaribio yamekwisha. Nimeshinda. Nimecheza na mama mkwe mbele ya ng'ombe, na sioni haya.

Alhamisi, 20 Juni
Manyunyu. Baridi. Namsikia Njeri akiimba jikoni. Saa nne, mlangoni, pole pole: hodi. Mama mkwe na kikombe cha chai. Nyumba ni yake, stoo ni yake. Amesimama kwenye manyunyu akingoja nimkaribishe.