Herufi Zisizosomeka kwenye Pindo la Bibi Mariamu

Thornton Heath, London

Baba yangu mheshimiwa,

Assalaam aleikum. Naishika miguu yako, nikitumai haikuumi tena kama ilivyokuwa ikikuuma uliponiandikia. Mama naye, kifua chake kimetulia? Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo inayonichemka, wala sitakuficha.

Unajua kuwa jumba la sanaa lilinipa kazi ya muda, nisaidie kutayarisha maonyesho ya mchoraji wa Florence aliyeishi zaidi ya karne tano zilizopita. Alikuwa mtoto wa mtengeneza ngozi. Aliingia karakana ya fundi mkubwa kusaga rangi, akatoka akimshinda fundi wake kwa kupaka dhahabu. Katika picha yake bora, pindo la vazi la Bibi Mariamu limezungushiwa kitu mfano wa maandishi ya Kiarabu. Wakubwa zangu wakachangamka: "Salma, wewe Muislamu, tusomee!"

Nikatazama kwa macho uliyoyanoa chuoni kwako kwa bakora. Hakuna neno hata moja. Herufi za alifu zimesimama kama vijiti vya ua, za lamu hazina herufi ya kushikana nayo. Mchoraji aliona vitambaa vya thamani kutoka Misri, akapenda maumbo yake, akaiga asichoweza kukisoma. Si aibu kwake. Nikawaandikia wakubwa hivyo hivyo.

Jumatano nikakuta kibao ukutani: "Aya ya Kurani, kama alivyothibitisha mwenzetu Salma Khamis."

Baba! Jina lako, wewe mwalimu wa Kurani, limetundikwa kuushuhudia uongo juu ya maneno ya Mungu! Nimehitimu kwa daraja la kwanza ili nigeuzwe muhuri?

Nikamwendea mkuu wa maonyesho, Bi Margaret. Akatabasamu. "Watu wanapenda hadithi ya dini mbili kukumbatiana. Na wewe unaitaka kazi ya kudumu, sivyo?"

Shangazi naye, ninayekaa kwake hapa, badala ya kunitetea, akanicheka jikoni: "We mtoto, kwani hiyo picha imekuposa? Nyamaza, ule mshahara wako!"

Sikunyamaza. Nilimwambia Bi Margaret: ama jina litoke, ama nitoke mimi. Jana limetoka. Aya imebaki, sasa eti "wataalamu wamethibitisha". Kazi ya kudumu amepewa mwingine.

Usinipe pole, wala usinipongeze. Mkataba wangu haujaisha, na kwa mujibu wake kazi yangu ni kusimama mbele ya picha ile na kuwaeleza wageni wanachokiona. Basi nitawaeleza.

Nifikishie salamu kwa mama, kwa kaka yangu mkubwa na mkewe, na kwa Maalim Ali anayekusaidia chuoni. Niombeeni dua, ya subira msiiombe kwa sasa.

Binti yako mtiifu,
Salma