Sabini, Kila Asubuhi

Jumatatu, 1 Machi 1976
Daktari Thuo ameniletea orodha ya makala zake nimpigie chapa. Ishirini na mbili, zote za mapigo ya moyo na zile mashine za betri zinazowekwa chini ya ngozi. Anaomba uprofesa. Nakala tano, ziwe tayari Ijumaa, kisha nizipeleke River Road zikajalidiwe. Nimefika namba tisa. Vidole vyeusi kwa kaboni.

Jumanne, 2 Machi
Namba kumi na tisa. Kichwa chake ni Kiingereza kirefu, lakini maana ni kwamba betri ya mgonjwa mmoja ilikufa ghafla bila dalili yoyote. Huyo mgonjwa mmoja ni Lazarus, marehemu mume wangu. Nimepiga bila kukosea herufi hata moja. Wanjugu wa mapokezi akauliza kama niko sawa. Niko sawa. Nilikula mandazi mawili.

Jumatano, 3 Machi
Wacha niandike, maana sijamwambia mtu.

Lazarus alipowekewa mashine, daktari alinipa daftari. Kila asubuhi nimshike mkono, nihesabu dakika nzima, niandike. Iwe sabini. Betri ikichoka mashine hupunguza mwendo — nikiona imeshuka nimwambie siku hiyo hiyo. Miaka miwili nikaandika sabini, sabini, sabini. Aprili mwaka jana nikapata sitini na tano. Nikarudia: sitini na nne. Lazarus alikuwa anafunga kamba za viatu, amechelewa kazini. Akacheka.

"Futa, Mama Caren. Mashine ya Wazungu haikosei. Ni wewe."

Nikaona aibu. Mpiga chapa mzima wa daktari, kuhesabu kumemshinda! Nikatoa raba ya ofisi, nikafuta, nikaandika sabini. Siku kumi na moja nilifanya hivyo. Siku ya kumi na mbili alianguka mlangoni kwetu Kangemi, kofia kichwani. Tulimzika kwao Siaya. Daktari alikuja matangani, akaomba daftari kwa heshima. Nikampa.

Daftari safi kabisa. Ndiyo maana akaandika kwamba mapigo hayashuki kabla ya betri kufa. Makala hiyo ndiyo wanayomsifia zaidi.

Kosa ni langu. Naliandika hapa na bado silii. Tangu matanga sijalia.

Alhamisi, 4 Machi
Alikuja Makau, seremala. Ana mashine kama ile ile, mwezi wa ishirini na sita sasa. Mkewe amehesabu sitini na sita. Daktari akamwambia hiyo si kitu, ameshalichunguza jambo hilo na kuliandika, betri itabadilishwa Juni kama ilivyopangwa. Dakika tatu, akatoka. Akanishukuru — mimi!

Nikamwambia arudi kesho saa saba achukue kadi mpya. Hakuna kadi mpya. Sijui mdomo uliyatoa wapi hayo.

Ijumaa, 5 Machi — ofisini, saa saba na robo
Daktari amekwenda kula. Orodha iko mezani kwake, nakala tano, imebaki sahihi tu.

Makau alifika mapema. Nikamshika mkono, macho kwenye saa ya ukutani, dakika nzima. Sitini na mbili. Nikarudia. Sitini na mbili.

"Mama watoto anahesabu vibaya, ama?" akaniuliza. "Hii kitu yangu iko sawa?"

Nikamwambia mkewe anahesabu vizuri sana.

Nimeandika sitini na mbili kwenye daftari lake, kwa wino. Kisha nikatoa la Lazarus kwenye kabati la faili, nikaliinua dirishani. Penseli ilikuwa imekandamiza karatasi. Chini ya kila sabini, ile ya kwanza bado inaonekana — sitini na nne, sitini na tatu, sitini na moja. Nimeliweka juu ya orodha, limefunuliwa ukurasa huo.

Uprofesa wake huo. Kazi yangu pia, na karo ya Caren.

Makau anauliza kama aende, ameacha gundi ikikauka karakanani. Nimemwambia akae. Hajui anangoja nini. Amenisogezea leso yake, inanuka vumbi la mbao. Ya nini? — kumbe ukurasa huu umelowa.

Gari la daktari limeingia. Anapanda ngazi, anapiga mluzi