Maneno Niliyomfundisha Kaka

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijapasuka kifua, maana nina jambo ambalo hapa nyumbani halijui mtu, na kila nikitaka kulisema ulimi unakuwa mzito. Mimi nasomea sheria, kaka yangu ni polisi, na mwezi uliopita alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kupandishwa cheo, nikawa namwelekeza pale sebuleni ni lini askari anaruhusiwa kupiga risasi ya kuua: maisha ya mtu yawe hatarini papo hapo, na pasiwe na njia nyingine. Ili akumbuke nikaigiza jambazi, nikageuka ghafla, nikachomoa rimoti ya televisheni kiunoni, nikamwambia, "Sasa eleza hivi: aligeuka ghafla, nikaona kitu cheusi kinang'aa, nikapaza sauti mara mbili, hakusikia." Akacheka sana. "Mdogo wangu, ungekuwa jambazi kweli tungekoma!"

Juzi kampiga risasi fundi matairi wa mtaani kwetu, yule aliyekuwa akinijazia baiskeli upepo. Akafa palepale. Majirani wanasema alikuwa anakimbia, mikono mitupu. Jioni kaka akamsimulia baba mezani: "Aligeuka ghafla, nikaona kitu cheusi kinang'aa, nikapaza sauti mara mbili, hakusikia." Neno kwa neno! Kikombe kikaniponyoka. Mama akaokota vipande akinifokea, "Wewe naye! Shukuru kaka yako yuko hai." Kaka hakunitazama. Niseme, au ninyamaze? Maneno yale ni yangu.

Ni mimi, Dada Mtu

Jibu la mshauri: Binti yangu, pole. Nilipofika kwenye hiyo rimoti niliiweka barua chini, nikasimama kwanza. Lakini acha kujibebesha risasi usiyoifyatua wewe. Ulimfundisha sheria, hukumtuma kwa fundi, na mwenye msiba hapa ni mke wa fundi, si wewe. Unajua vizuri kuliko mimi kwamba mtu anayekimbia bila kumhatarisha yeyote hapigwi risasi ya kuua. Kama ndivyo ilivyokuwa, hujui. Hukuwepo. Kwa hiyo usiende kumhukumu kaka yako. Nenda ukaeleze ulichoigiza sebuleni na ulichosikia mezani, basi. Mengine waachie wachunguzi.

Usiende kituoni kwake, jamani! Muone mwalimu wako chuoni akutafutie wakili, na huyo wakili akupeleke kwa wanaochunguza makosa ya polisi. Kaka usimwambie, mama usibishane naye. Watakuita msaliti, utakula peke yako jikoni, utalia. Utaishi.

Na unasema hakukutazama. Basi anajua kwamba unajua. Nenda kesho asubuhi, kabla hajapata ujasiri wa kukuomba unyamaze.